Baraza na Uhuru wa Kusema katika Visiwa vya Unguja na Pemba

Neno baraza katika Kiswahili lina maana mbili zilizo jirani. Ya kwanza ni kile kikalio cha mawe na chokaa kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, upande wa njiani, ambapo watu hukaa wakazungumza. Ya pili ni mkutano wa watu waliopewa madaraka ya kushauriana juu ya mambo ya umma. Ndipo tukasema Baraza la Mawaziri, Baraza la Wawakilishi na Baraza la Wazee. Kwa kutumia neno moja, wenye lugha walikiri kwamba shauri la nchi na mazungumzo ya jioni ni mambo ya jinsi moja, na kwamba likiharibika moja, la pili halitasalimika. Katika makala haya tunakusudia kuitazama historia ya baraza katika Visiwa vya Unguja na Pemba, jinsi siasa zilivyolipasua na jinsi watu walivyojaribu kuliunga tena, ili tupate kujua uhuru wa kusema hutegemea nini pale jamii inapogawanyika.

Tuanze na baraza la mtaani. Jua likipunga, muuza kahawa hupita na dele lake na vikombe vyake vidogo, kashata zikaletwa, na bao likatandikwa. Apitaye hutoa salamu, naye hufanyiwa nafasi akaketi. Hapo mvuvi, karani, mwalimu wa chuo na mchukuzi wa bandarini huwa wote ni wazungumzaji. Baraza halina katiba iliyoandikwa, lakini lina adabu zake. Mwenye kusema huachwa amalize. Mtu hupingwa kwa neno lake, wala haguswi mzazi wake au asili yake. Mzee hupewa heshima ya kukata shauri, na kijana mwenye neno zito hulivisha fumbo, likamfika mwenyewe pasipo kumvunjia uso. Ubishi waweza kuwa mkali hata sauti zikasikika mtaa wa pili. Lakini aliyeshindwa leo hurudi kesho, na akikosekana siku mbili huulizwa hali yake. Hapo ndipo ilipo siri ya jambo lenyewe: watu hawa walithubutu kupingana kwa sababu walikuwa na hakika kwamba kupingana hakutawaondoa katika ujirani.

Hata hivyo si haki kulisifu baraza kupita kiasi. Kikalio cha njiani kilikuwa cha wanaume. Wanawake walikuwa na mazungumzo yao uani, katika kanga na katika nyimbo. Siti binti Saad, aliyezaliwa katika hali ya unyonge mnamo mwaka 1880, akafariki mwaka 1950, aliimba kwa Kiswahili na kutia sauti yake katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928. Nyimbo zake zilichukua habari za mjini, hata na za mahakamani, zikafika majumbani ambamo mwimbaji mwenyewe asingekaribishwa kutoa maoni. Tena, utumwa ulikomeshwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897 tu, na kumbukumbu ya bwana na mtumwa haikufutika siku iliyotiwa saini amri ile. Wakazi wa Ng'ambo, waliojenga juu ya viwanja vya wengine, walikuwa na mazungumzo yao wenyewe. Na mwaka 1928 mazungumzo hayo yalizaa mgomo wa kutolipa kodi ya viwanja. Basi tangu zamani palikuwa na mabaraza mengi, na si yote yaliyosikika sawasawa.

Utawala wa Kiingereza uliikuta mipaka hiyo, ukaitia nguvu ya sheria. Mwaka 1926 paliundwa Baraza la Kutunga Sheria, na wajumbe wasiokuwa maofisa wa serikali waliteuliwa kwa kabila: Waarabu kwa idadi yao, na Wahindi kwa yao. Mwafrika wa kwanza, Sheikh Ameri Tajo, aliingizwa mwaka 1946, yaani baada ya miaka 20. Mgao wa chakula wakati wa Vita Kuu ya Pili nao ulifuata kabila. Mtu aliyetaka kusikilizwa na serikali alijifunza kusema kama Mwarabu, kama Mwafrika, kama Mshirazi au kama Mhindi. Hakufundishwa kusema kama mwananchi. Baraza kubwa likawa mwalimu mbaya wa mabaraza madogo.

Matokeo yake yalionekana katika miaka ambayo wenyeji huiita "zama za siasa". Uchaguzi wa kwanza ulifanywa Julai 1957. Afro-Shirazi kwa upande mmoja, na Hizbu, yaani Zanzibar Nationalist Party, kwa upande wa pili, walianza kuulizana juu ya uhuru, ambalo ni swali la heri. Lakini punde swali likageuka likawa nani mwenyeji na nani mgeni. Gazeti la Afrika Kwetu na gazeti la Mwongozi yalijibizana kwa maneno ambayo asingeyastahimili mtu aliyeketi karibu na msemwaji. Kisha ugomvi ukatoka katika karatasi ukaingia katika maisha. Watu waligomea maduka ya wapinzani wao. Wakulima waliokaa katika mashamba ya wenye mali waliondoshwa kwa sababu ya chama. Na hata mazishi, ambayo kwa desturi yetu humwita rafiki na adui, yakaanza kubaguana.

Hesabu za kura nazo zilizidisha uchungu. Katika uchaguzi wa Januari 1961, Afro-Shirazi ilipata viti 10, Hizbu viti 9, na Zanzibar and Pemba People's Party viti 3. Na kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa tofauti ya kura moja tu. Uchaguzi uliporudiwa Juni mwaka ule ule, fujo zilizuka na watu 68 wakauawa. Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31, na serikali ikashikwa na washirika wa upande wa pili. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi yakatokea tarehe 12 Januari 1964, yakifuatwa na damu nyingi. Hatudai kwamba maneno peke yake yalileta hayo. Palikuwa na ardhi, palikuwa na umaskini, na palikuwa na dhuluma ya muda mrefu. Lakini twasema kwamba watu walipofikia kutozikana, hapakuwa tena na mahali ambapo madai hayo ya haki yangeweza kuzungumzwa yakasikika.

Baada ya Mapinduzi Visiwa viliingia katika utawala wa chama kimoja. Mpaka mwaka 1980, lilipoundwa Baraza la Wawakilishi, kazi ya kutunga sheria ilikuwa mikononi mwa Baraza la Mapinduzi. Ardhi iligawiwa wakulima na elimu ikatolewa bure, na hayo ni mambo yenye uzito katika historia yetu; lakini sauti za barazani zilishuka, na mtu alitazama kwanza nani ameketi kabla hajatoa neno. Ukimya ule haukuwa upatanisho. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, maneno ya mwaka 1961 yalitoka kama mtu aliyeyaweka sandukuni, kwa majina yale yale na kwa matusi yale yale.

Mwaka 1995, Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa kumshinda Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8. Nchi iligawanyika karibu nusu kwa nusu, na kila nusu iliamini kwamba nusu ya pili ni adui. Hapo ndipo baraza lilipopata jeraha lake kubwa: lilikoma kuwa la mtaa, likawa la chama. Mjini Unguja, Jaws Kona ilijulikana kwa wapenzi wa CUF, na maskani ya Kisonge, pale Michenzani, kwa wapenzi wa CCM. Na mbao za matangazo zilibeba vijembe kwa kila apitaye. Pemba watu walisusiana katika harusi na misiba, na wapo waliopoteza kazi kwa sababu ya chama. Kahawa ilikuwa ile ile na bao lile lile, lakini waliokaa pamoja walikuwa wamekwisha kukubaliana kabla ya kuketi. Mazungumzo ya namna hiyo hufurahisha, ila hayamfundishi mtu neno. Mwezi Januari 2001, baada ya uchaguzi wa mwaka 2000, maandamano yalikabiliwa kwa risasi na watu zaidi ya 30 wakauawa, wengi wao Pemba.

Viongozi walijaribu kutafuta suluhu. Muafaka wa kwanza ulitiwa saini mwaka 1999, na wa pili tarehe 10 Oktoba 2001. Muafaka wa pili ulileta mabadiliko katika Tume ya Uchaguzi na daftari la kudumu la wapiga kura, mambo yenye faida. Lakini yote miwili ilikuwa mikataba ya vyama, iliyozungumzwa katika vyumba vilivyofungwa. Raia waliambiwa kilichokubaliwa, hawakuulizwa. Wahenga walisema: "Kuambizana kuko, kusikilizana hapana."

Jambo jipya lilitokea tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walipokutana Ikulu. Iliundwa Kamati ya Maridhiano ya watu sita, mwenyekiti wake akiwa Mzee Hassan Nassor Moyo, aliyekuwa mmoja wa mawaziri wa mwanzo wa Serikali ya Mapinduzi. Safari hii shauri lilipelekwa katika Baraza la Wawakilishi, kisha likarudishwa kwa wananchi wenyewe. Tarehe 31 Julai 2010 watu walipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Asilimia 33.6 walikataa, na walikataa hadharani bila ya kupigwa wala kufukuzwa. Kwetu sisi jambo hilo lina thamani sawa na ushindi wenyewe. Uchaguzi wa Oktoba mwaka huo ulikuwa wa karibu mno, asilimia 50.1 kwa Dk. Ali Mohamed Shein na 49.1 kwa Maalim Seif. Lakini aliyeshindwa alikubali, na watu walilala majumbani mwao kwa amani.

Msomaji atauliza: mbona basi mwaka 2015 matokeo ya uchaguzi yalifutwa, uchaguzi ukarudiwa Machi 2016 huku CUF ikisusia, na serikali ya umoja ikavunjika? Na mbona uchaguzi wa 2020 nao ulikuwa na misiba yake, kabla ya umoja kurejeshwa Desemba mwaka huo? Jibu letu ni kwamba maridhiano yaliegemea mno nia njema ya watu wachache. Sheria ilikuwapo, na kura ya maoni ilikuwapo, lakini baraza la mtaani halikuunganishwa. Kila mmoja alirudi katika maskani yake na kungojea habari kutoka juu.

Hapa panahitaji uangalifu katika neno adabu. Wapo wanaolitumia kumnyamazisha mdogo: akiuliza, huambiwa hana adabu. Sisi tuliozoea kazi za ofisini twaujua mkutano ambamo kila mtu huitikia "ndiyo, mzee", kisha ukweli ukasemwa ngazini wakati wa kutoka. Hiyo si adabu ya baraza. Ni woga uliovaa kanzu. Adabu ya kweli humlinda mwenye kusema kwanza, halafu humlinda anayesemwa. Humwambia mwenye nguvu asikilize hadi mwisho, na humwambia mnyonge asitukane. Palipo na moja bila ya la pili, huzaliwa ama ukimya wa baada ya 1964 ama matusi ya 1961. Na historia yetu imekwisha kutuonyesha kwamba ukimya huyaweka matusi akiba, wala hauyatibu.

Basi walimu na wanafunzi wana nafasi yao katika kazi hii. Darasa ni baraza, na huenda ni la mwisho ambamo watoto wa mitaa yote na wa vyama vyote huketi pamoja kwa lazima. Mwalimu na awape swali gumu la historia yetu, kwa mfano haki ya mkulima wa mwaka 1957, au kura moja ile ya Chake Chake. Amtake kila mwanafunzi aeleze kwanza hoja ya asiyekubaliana naye, mpaka mwenyewe akiri kwamba ameelezwa sawasawa, ndipo ajibu. Wakitoka hapo bado wanapingana, si neno. Muhimu ni kwamba kesho watakaa tena juu ya dawati lile lile, na mmoja wao akifiwa, mwenziwe atakwenda kuzika.