Vyombo vya Kufundishia katika Nchi ya Mara: Kutoka Redio hadi Kompyuta

Mwezi wa Novemba mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Musoma, ikatoa tamko ambalo tangu hapo lajulikana kwa jina la Azimio la Musoma. Jambo lake kubwa lilikuwa kwamba kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule apate nafasi ya elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977, ilhali mipango ya awali ilikuwa imeliweka lengo hilo mwaka 1989. Mwaka huo huo wa 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Maamuzi hayo mawili hayakutolewa katika kikao kimoja, wala uamuzi mmoja haukuwa sababu ya mwingine. Lakini yakitazamwa pamoja yaonyesha jinsi nchi ilivyopima vyombo vyake: kipi kilifaa kupelekwa kijijini, na kipi kilihesabiwa kuwa mzigo. Leo mwanafunzi wa sekondari atakiwa kujua kutumia kompyuta, kupiga picha za kidijitali, kurekodi sauti na kupanga kazi yake katika mashine hizo hizo. Kwa hiyo yafaa kuchunguza njia iliyopita kati ya mwaka ule na siku hizi, na hasa sehemu ya lugha katika njia hiyo.

Murangi ni mahali pazuri pa kusimama ili kuitazama njia hiyo. Imo katika Wilaya ya Musoma Vijijini, kwenye nchi ya pwani ya ziwa ambamo Kijita husikika zaidi, na majirani zake ni watu wa Bunda na wa Butiama. Watu wake ni wavuvi na wakulima. Dagaa na sangara, mihogo na pamba, ndivyo vilivyowalisha na kuwapatia fedha. Mtoto wa hapo hukua na lugha ya nyumbani, hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha akiingia kidato cha kwanza hukutana na Kiingereza kuwa lugha ya masomo. Kila chombo kipya cha kufundishia kilichofika katika nchi hiyo kilipaswa kuchagua kitaongea lugha ipi kati ya hizo tatu.

Hali hiyo si ngeni. Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alipoingia shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934 alikuwa mtoto wa Kizanaki, na Kiswahili alikipata shuleni. Vyombo vya shule za zamani hizo vilikuwa ubao, chaki, kibao cha mawe na vitabu vichache. Utangazaji wa redio wa Tanganyika ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, nao ukapita mikono kadhaa hata ikawa Radio Tanzania mwaka 1965. Kwa watu wa ziwani, waliokuwa mbali na Dar es Salaam kwa safari ya siku nyingi, redio ilikuwa chombo cha kwanza kuleta sauti ya mwalimu asiyeonekana. Nayo ilisema Kiswahili.

Mwaka 1968 mikoa ya ziwa, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ilichaguliwa kuwa mahali pa majaribio ya kisomo chenye manufaa, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa na UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza. Wazo lake lilikuwa rahisi kueleza na gumu kutekeleza: mtu mzima afundishwe kusoma kwa maneno ya kazi yake mwenyewe. Mkulima wa pamba alisoma habari za pamba, na mvuvi habari za samaki na nyavu. Vitabu vya kwanza viliandikwa kwa ajili ya kazi hizo, walimu wakafunzwa, na vipindi vya redio vikaandaliwa kuvisindikiza. Ilipoonekana kwamba msomaji mpya husahau upesi asipopata kitu cha kusoma, gazeti la vijijini lilianzishwa huko huko Mwanza mwaka 1974, likiitwa Elimu Haina Mwisho. Hapo ndipo chombo cha habari kilipoanza kuhesabiwa kuwa sehemu ya darasa, kwa kuwa kilimtazamia msomaji wake awe pia mtu wa kupeleka habari na barua. Kisiwani Ukerewe, ng'ambo ya maji kutoka Majita, juhudi ilikuwa kubwa zaidi, maana Ukerewe ilikuwa mojawapo ya wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma kabla ya mwisho wa mwaka 1971.

Wakati huo huo kulikuwa na kampeni za redio. Zilizokumbukwa zaidi ni Wakati wa Furaha ya mwaka 1971, Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Ni vema kueleza namna zilivyofanya kazi, kwa sababu aghalabu husifiwa redio na kusahauliwa mambo yaliyoizunguka. Katika Mtu ni Afya watu walijiunga katika vikundi vidogo, kila kikundi kikawa na kiongozi aliyefunzwa. Viongozi hao walikuwa kiasi cha 75,000. Siku ya kipindi, watu waliketi wakasikiliza redio. Baadaye mmoja akasoma kwa sauti sehemu ya kitabu iliyohusu jambo lile lile. Kisha wakajadili wakilinganisha yaliyosemwa na hali ya kijiji chao. Na mwisho wakaamua watafanya nini kabla ya kukutana tena. Uamuzi huo ulikuwa wa kuchimba choo, kufyeka nyasi karibu na nyumba, au kuchemsha maji. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Kwa hiyo redio ilikuwa moja tu katika mambo manne, na la nne, yaani kazi iliyofanyika, ndilo lililoonyesha kama yale matatu yalieleweka.

Mpango huo ulikuwa na udhaifu wake pia. Betri za redio zilikwisha na hazikupatikana dukani, vitabu vilichelewa njiani, na mahali pengine mkutano uligeuka kuwa wa kusikiliza amri badala ya kujadili. Hata hivyo matokeo ya jumla hayawezi kupuuzwa. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili za watu wazima nchini walikuwa hawajui kusoma na kuandika. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba hesabu hiyo imeshuka hadi asilimia 39, na wa mwaka 1986 ukaonyesha kiasi cha asilimia 10.

Azimio la Musoma lilipotaka watoto wote waingie shuleni, swali la kwanza lilikuwa la walimu. Vyuo havikutosha. Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba walipochukuliwa wakafundishe katika shule za vijiji huku wakijifunza ualimu papo hapo, kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio, na kwa usimamizi wa wakufunzi waliowazungukia. Makumi ya maelfu ya walimu walipatikana kwa njia hiyo, wakaitwa walimu wa UPE, na jina hilo halikuwa la sifa kila mara. Watu wengi walilalamika kwamba ubora wa elimu umepungua. Lakini kwa habari inayochunguzwa hapa yatosha kusema kwamba kijana wa Majita au wa Butiama aliweza kujifunza kazi ya ualimu pasipo kuhama kijiji chake, na kwamba aliweza hivyo kwa sababu kila alichopelekewa, kwa karatasi au kwa sauti, kilikuwa katika lugha aliyoisoma miaka saba.

Habari ya kompyuta ilikuwa kinyume. Ya kwanza nchini, ya aina ya ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Haikuwa chombo cha kufundishia, ilikuwa mashine ya mahesabu ya Serikali, na matatizo ya kuhamishia mahesabu hayo katika mashine yaliigharimu Serikali fedha na kuaminiwa. Hasara hiyo ni miongoni mwa sababu za marufuku ya mwaka 1974. Marufuku ililegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980 na kuondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Televisheni nayo haikuonekana Tanzania Bara mpaka mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Kwa muda wa takriban miaka 20, basi, redio na karatasi ndivyo vyombo pekee vya darasa la kijijini, na wataalamu wa elimu na wa lugha walipata nafasi ya kuvizoea.

Kompyuta iliporudi ilirudi kwa haraka. Somo lake liliingizwa katika sekondari katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Mwaka 2003 Serikali ilitoa sera ya taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano, ambayo kwa mkato wa herufi za mwanzo ilizaa neno TEHAMA. Kuanzia mwaka 2005 vyuo vya ualimu vya Serikali vilianza kupewa kompyuta kwa msaada wa Uswidi, na mwaka 2007 ikatoka sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi na sekondari. Mwaka 2009 waya wa mawasiliano wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na mkongo wa taifa ukaanza kusambazwa mikoani. Umeme wa vijijini nao ukafuata nyuma. Lakini chombo kilichofika Murangi kabla ya maabara yoyote ni simu ya mkononi, nayo ina ndani yake kamera, kinasa sauti na daftari.

Hapa ndipo tofauti kubwa ya lugha ilipo. Redio ilifika ikiwa na msamiati wake wa Kiswahili, au iliupata upesi: kipindi, mtangazaji, matangazo, masafa, kikundi cha wasikilizaji. Hakuna mkulima aliyehitaji neno la kigeni ili kulieleza jambo alilolisikia, ukiacha lile neno redio lenyewe. Kompyuta ilifika na maneno yake yameandikwa kwenye kioo kwa Kiingereza, na kila tendo, kufungua, kuhifadhi, kufuta, kunakili, kubandika, liliamrishwa kwa lugha hiyo. Kiswahili kilifanya kazi yake ya kawaida ya kukopa na kutunga. Wengine walisema kompyuta, wengine tarakilishi, lililotungwa kutokana na tarakimu; wengine kipanya, wengine puku; wengine kibodi, wengine baobonye. Si vigumu kuona ni yapi yaliyoshinda Tanzania. Kompyuta liliingia katika ngeli ile ile ya redio bila shida, na kipanya, kwa kuwa ni udogo wa panya, lilieleweka na mtoto mara tu alipoonyeshwa kitu chenyewe. Neno lililotungwa mbali na watumiaji lilibaki katika orodha.

Haikosi kutajwa kwamba kazi kubwa ilijaribiwa. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux ulifasiri programu za ofisi zilizo huru kunakiliwa, na toleo lake liitwalo Jambo OpenOffice likatoka mwaka 2004. Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa Kiswahili kwa programu zake. Hata hivyo sekondari hufundisha na kutahini kwa Kiingereza, na mwalimu aliyejifunza amri za mashine kwa Kiingereza hufundisha kama alivyofundishwa. Tafsiri ilikuwapo, kilichokosekana ni kitabu cha darasa na mwalimu wa kuitumia. Katika miaka ya 1970 vitatu hivyo, chombo, kitabu na kiongozi wa kikundi, vilitumwa pamoja.

Jambo hilo lilionekana tena mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya maradhi ya korona. Masomo yalirushwa kwa redio na televisheni, na wenye intaneti walitumia intaneti. Redio ilifika mbali zaidi. Lakini safari hii haikuwa na vikundi, wala kitabu kilichopangwa kwenda nayo, wala kazi ya kufanya baada ya kipindi. Mtoto alisikiliza peke yake, na kipindi kilipokwisha kilikuwa kimekwisha.

Kutokana na historia hii yaweza kupimwa kazi mradi ya mwanafunzi wa leo. Tuseme wanafunzi wa shule ya pwani ya Murangi wanatakiwa kueleza uvuvi wa dagaa. Wana simu ya kurekodi sauti ya mvuvi mzee, ya kupiga picha ya karabai na ya taa mpya za jua zilizochukua nafasi yake, na ya kuonyesha dagaa walioanikwa juu ya chanja. Wana kompyuta ya kupanga sauti, picha na maandishi katika kazi moja. Mvuvi ataeleza kwa Kijita maneno ya upepo, ya giza la mwezi na ya nyavu. Wanafunzi watayaeleza kwa Kiswahili. Na mtihani utawadai Kiingereza. Kama hatua ya katikati haikupewa msamiati, maneno ya mvuvi yatarukwa, na kazi itakuwa picha nzuri zenye maelezo yaliyonakiliwa kutoka mahali pengine. Kama hatua hiyo imetengenezwa, darasa litakuwa limekusanya maneno ambayo kamusi haijayapata, na wanafunzi watakuwa wamejua mashine kwa kuitumia katika jambo wanalolijua.

Kwa hiyo iliyobaki ni kazi ya wataalamu wa lugha kama ilivyo ya mafundi. Yahitajika vitabu vidogo vya darasa, kwa Kiswahili, vinavyofundisha kurekodi, kuhariri sauti, kupanga picha na kutaja chanzo cha habari, vikitumia maneno yaliyokwisha kukubaliwa na watumiaji. Yahitajika pia mwalimu afunzwe kwa vitabu hivyo hivyo, na kazi ya wanafunzi irudishwe kijijini ikasikilizwe na waliotoa habari zake. Wazee wa Mara waliosoma kwa habari za pamba na samaki walikuwa na redio yenye betri dhaifu na kitabu cha karatasi duni, nao walisoma. Wajukuu wao wana vyombo vilivyo bora mara nyingi, na wanastahili angalau kupewa maneno ya kuvitumia.