Kilima Hakirushi Mkuki

Ugomvi ulianza kwa sababu ya alama mbili. Tulikuwa watano mezani, Ijumaa usiku, sebuleni kwa rafiki yetu huko Sinza, tukicheza Dungeons & Dragons. Kwa asiyeujua, ni mchezo wa kusimulia hadithi kwa pamoja. Kila mtu ana mhusika wake, mmoja wetu huwa mwendesha mchezo, na jambo lenye mashaka huamuliwa kwa kurusha dadu yenye pande 20. Mhusika wangu alikuwa juu ya mwamba, maadui wako bondeni. Nilihitaji 15. Nikapata 13.

"Niko juu," nikasema. "Niongezee mbili."

"Kitabu hakisemi hivyo, dada," mwendesha mchezo akajibu.

Alikuwa sahihi. Toleo la tatu la mchezo huo, la mwaka 2000, lilimpa nyongeza ya alama moja anayepigana ana kwa ana akiwa amesimama juu ya mwenzake. Toleo la tano, la mwaka 2014, halikuiweka katika kanuni zake za msingi. Kisha mwaka 2023 ukatoka mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate 3, uliojengwa juu ya toleo hilo la tano, na wenyewe ukampa alama mbili anayeshambulia kwa mbali akiwa juu. Hata wanaotunga kanuni hawajakubaliana.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na miezi ile nilikuwa naandika sura ya tasnifu kuhusu Lugalo. Nikajiambia: Ijumaa ijayo nakwenda na ushahidi.

Ushahidi wenyewe ni huu. Tarehe 17 Agosti 1891, Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika koloni lao la Afrika Mashariki, alikuwa akiongoza msafara mrefu wa askari na wapagazi ndani ya Uhehe. Njiani alikuwa amechoma vijiji. Pale Lugalo, karibu na Iringa ya leo, njia ilipita chini ya kilima chenye mawe na vichaka. Wahehe walikuwa wamejificha humo. Walishuka na mikuki, na katika dakika chache msafara ukawa umevunjika. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya watu wake. Wahehe waliteka bunduki zipatazo 300 na mizinga 3.

Niliyasimulia hayo mezani kwa kujiamini. Mwendesha mchezo akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Na huyo Mjerumani, hicho kilima hakukiona?"

Nikakosa jibu la haraka. Kilima kilikuwa pale kwa wote. Zelewski angeweza kutuma watu wakague vichaka kabla ya kupita, lakini hakujilinda ipasavyo. Wahehe, chini ya Mpangile, ndugu yake Mkwawa, walikaa kimya mpaka msafara ulipojinyoosha kwenye njia nyembamba. Walishambulia kutoka karibu sana, hivi kwamba askari wengi hawakupata nafasi ya kupakia risasi tena. Hayo yote ni maamuzi ya watu, na ni utii wa watu waliolala mawindoni bila mmoja wao kuharibu mpango.

Na kuwa juu si kushinda. Miaka kumi kabla ya Lugalo, usiku wa kuamkia tarehe 27 Februari 1881, jenerali Mwingereza George Colley alipanda na askari wake hadi kileleni mwa Majuba, Afrika Kusini. Hakuwaamuru wachimbe mahandaki. Asubuhi Makaburu walipanda wakijikinga kwenye mikunjo ya mlima ambayo waliokuwa juu hawakuweza kuiona, huku Waingereza wakijitokeza waziwazi kwenye ukingo, anga likiwa nyuma yao. Colley aliuawa, na Waingereza zaidi ya 90 wakafa. Makaburu walipoteza watu wachache mno. Kwa kanuni niliyoidai mimi, Colley alistahili alama mbili.

Usiku ule nilifungua rasimu ya sura yangu. Katika ukurasa wa pili nilikuwa nimeandika: "Jiografia iliwapa Wahehe ushindi." Niliisoma mara mbili. Mtendaji katika sentensi ile ni mlima, na Wahehe ni wapokeaji tu. Mimi, niliyeanza utafiti huu ili kuwapa watu wale nafasi yao katika historia, nilikuwa nimewapokonya kazi yao na kuikabidhi miamba.

Ubishi wetu, kumbe, ni wa zamani. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia aitwaye Reisswitz alitoa mchezo wa vita, Kriegsspiel, uliochezwa kwa ramani, dadu na majedwali ya hesabu. Mwaka 1876 ofisa mwingine, Verdy du Vernois, alipendekeza majedwali yawekwe kando, mwamuzi aamue kwa uzoefu wake baada ya kusikia kila upande unakusudia nini. Michezo yetu ya mezani ina damu ya mchezo ule.

Sasa nina msimamo. Aliye juu asipewe alama kwa kuwa juu tu. Aulizwe: upo juu, unafanya nini? Unaona mbali kiasi gani, umejificha wapi, unasubiri nini? Jibu likiwa na akili, apewe mbili, hata tano. Asiyejibu arushe dadu yake kama wengine.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa juu ya mwamba tena. Sikudai kitu. Nilisema mhusika wangu analala kifudifudi, anaacha wa mbele wapite, anangoja wa katikati. Mwendesha mchezo alitabasamu, akanipa tatu.

Na sentensi nimeibadilisha. Sasa inaanza hivi: "Wahehe walikichagua kilima."