Haki ya Mtani: Nani Anaruhusiwa Kuvunja Kaida?

Jeneza liko ukingoni mwa kaburi, na mtu mzima mwenye akili timamu amejilaza ndani ya shimo. Anasema hatoki mpaka alipwe. Marehemu, anadai, alikuwa bahili kupindukia. Hakuwahi kumnunulia hata soda, leo anataka kulala bure. Pembeni mwenzake amevaa koti la marehemu na anaiga mwendo wake, na mwanamke aliyekuwa akigaagaa kwa kilio sasa anajifuta machozi huku akicheka. Zinachangwa noti chache, jamaa anapanda juu, mazishi yanaendelea. Aliyewahi kuzika vijijini Tanzania, iwe Uzaramo, Uluguru au Unyamwezi, hahitaji kuambiwa kwamba huyo ni mtani.

Kwa kipimo cha kawaida amevunja karibu kila kaida ya msibani: amemsema vibaya maiti, amechelewesha maziko, amewadai fedha wafiwa, na mwenzake amevaa nguo isiyo yake. Jirani asiye mtani akifanya robo ya hayo ataondoka akiwa na manundu. Ninachodai ni kwamba tofauti kati ya hao wawili haielezeki kwa kulichunguza tendo, maana tendo ni lile lile. Inaelezeka kwa kuchunguza deni lililopo kati ya mtendaji na watendewa. Tumezoea kuziona kaida kama orodha ya makatazo, lakini sehemu kubwa ya kazi yake ni kugawa haki: nani amfanyie nani nini, na kwa malipo gani.

Sosholojia ya Magharibi imelitazama suala hili zaidi kutoka upande wa adhabu. Émile Durkheim, katika kitabu chake cha 1893 kuhusu mgawanyo wa kazi katika jamii, alishikilia kwamba adhabu haikusudiwi hasa kwa mhalifu. Inawalenga wale ambao hawakukosa, ili imani yao ya pamoja isilegee. Harold Garfinkel, aliyefundisha Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitumia njia ya uchokozi. Katika kitabu chake cha 1967 anasimulia alivyowaagiza wanafunzi wake wakae nyumbani kwao, kwa dakika 15 hadi saa moja, kana kwamba ni wapangaji: wawe wapole, wawe rasmi, wasiseme mpaka wasemeshwe. Familia zilichanganyikiwa, kisha zikakasirika. Wapo walioulizwa kama wanaumwa. Linalonivutia ni kwamba hakuna mwanafunzi aliyemtukana mtu. Kosa lao lilikuwa adabu. Walimpa mzazi heshima anayopewa mgeni, na mzazi akajiona amekanwa.

Hapo ndipo utani unapokutana na Garfinkel, ingawa yeye hakuufikiria. Mnyamwezi anayekutana na Mzaramo, mtani wake, na kumwamkia kwa unyenyekevu, akamwita "mheshimiwa", akamwuliza hali kwa utaratibu wote, hajamheshimu. Amemsukuma mbali. Bibi asiyemwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu" hata siku moja, wala kumtania kwamba posho ya mwezi huu haijafika, atawafanya watu wajiulize kuna ugomvi gani katika nyumba ile.

Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake maarufu ya 1940, aliuita uhusiano wa namna hii utovu wa heshima ulioruhusiwa. Maelezo yake ni kwamba unawaweka pamoja watu ambao kwa upande mmoja wameunganishwa na kwa upande mwingine wametenganishwa, kama wakwe na mashemeji, bila mgongano ulio katikati yao kulipuka. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, Usambara, na ambaye kwa bahati yetu aliwatazama na watu, aliandika kuhusu utani wa makabila ya Tanganyika miaka hiyo hiyo. Wenyeji wenyewe, wakiulizwa asili yake, hurudi mara nyingi kwenye mambo mawili ya karne ya 19: vita, hasa vile vya Wangoni, na misafara ya biashara iliyowashusha Wanyamwezi kutoka bara hadi Bagamoyo, wakipita na kulala katika nchi za watu.

Sikatai maelezo hayo, lakini yanawatazama watani wawili tu na kuwasahau waliosimama kando. Mtani hafanyi kazi bila hadhira. Mfiwa akikunja uso na kumtolea maneno makali mtu aliyejilaza kaburini, macho ya watu hayamgeukii mtani, yanamgeukia mfiwa. Ataambiwa hajui utani, ana roho ndogo. Pengine atatozwa faini, na asipolipa itasimuliwa miaka. Hasira yake, ambayo mahali pengine popote ingekuwa utetezi halali wa heshima ya marehemu, hapa ndiyo ukiukaji. Kaida imegeuzwa ndani nje, na waombolezaji ndio waamuzi.

Lakini leseni hii ina bei. Mchunguzi J. B. Christensen, alipoandika kuhusu Waluguru mwaka 1963, aliweka dhihaka na wajibu pamoja katika kichwa cha makala yake, na alifanya vizuri. Mtani anayemdhihaki marehemu ndiye pia anayetarajiwa kushika jembe, kufanya zile kazi za msibani ambazo ndugu wa damu hawaziwezi kwa uchungu au wanakatazwa na mwiko, na kumlazimisha mfiwa ale. Anayekuja kuchukua kuku wa wafiwa kwa haki ya utani na kutoweka kabla ya kaburi kufukiwa amekula bila kulipa. Mwakani, msiba ukiwa kwake, atajua.

Kwa kipimo hiki naona tunalitumia neno "watani" kwa ukarimu mno. Klabu za soka Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyofuata mwaka 1936, huitwa watani wa jadi katika kila ukurasa wa michezo. Kejeli zipo, tena za kiwango cha juu. Ila shabiki wa upande mmoja hadaiwi chochote na shabiki wa upande wa pili kwa sababu ya ushabiki wao, na hakuna mzee wa kumwambia "hapo umezidi" akasikilizwa. Amechukua haki na kuacha wajibu. Hali ni hiyo hiyo katika makundi ya simu, ambako anayetukana kabila la mwenzake hujifunika kwa maneno mawili, "natania tu", mbele ya wasomaji ambao wengi wao si watani zake na hawatakuwa.

Sheria iliyoandikwa haiujui utani kwa jina, ingawa ina nafasi zake. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamkinga, katika kifungu cha 9, mtu aliyechukua mali kwa kuamini kwa dhati kwamba ana haki nayo. Sioni kwa nini mtani aliyekamata kuku mchana kweupe asikiegemee. Lugha ya matusi nayo, katika kifungu cha 89, ni kosa pale inapoelekea kuvunja amani, na tusi la mtani, likiwa mahali pake, halivunji amani ya mtu.

Mwiba uko kwingine. Nimesema kukasirika ndiko kuvunja kaida. Kwa mwanamume aliyeitwa bahili hilo ni jambo dogo. Kwa mwanamke anayeshikwashikwa na shemeji mbele za watu, kisha akaambiwa acheke, ni mtego, maana kaida yenyewe imeshamnyang'anya njia ya kulalamika. Watetezi wa utani, nami ni mmoja wao, hulipita hili haraka. Kijijini palikuwa na breki ya namna fulani: shangazi au mzee wa ukoo aliyeweza kumaliza mchezo kwa neno moja, na mtani ambaye kesho angehitaji msaada wa watu wale wale. Simaanishi kwamba breki hiyo ilishika kila mara. Ofisini Dar es Salaam, ambako bosi humwita karani wake "mtani" kwa sababu tu ya makabila yaliyoandikwa kwenye majina yao, shangazi hayupo na bosi hamhitaji karani kwa maziko yoyote. Tangu mwaka 1998 Sheria ya Makosa ya Kujamiiana imeuhesabu unyanyasaji wa kijinsia kuwa jinai. Ipo, ila karani atakayeitumia ataambiwa, na wenzake wa meza ya jirani, kwamba hajui utani.