Kabla ya Kubomoa

Nilipokuwa darasa la nne, babu yangu alinichukua asubuhi moja kwenda kunionyesha tanuri la kuyeyushia chuma lililokuwa nyuma ya shamba la ukoo wetu, huku Mbozi. Lilisimama kama kichuguu kirefu, limepita kimo cha mtu mzima. Chini yake palikuwa na matundu yaliyopitishwa mirija ya udongo, ili upepo uingie wenyewe pasipo mtu kuvuta mivukuto. Babu alinieleza kwamba kilichotoka humo hakikuwa chuma safi bado. Kilipelekwa kwenye tanuri dogo la mivukuto kikayeyushwa mara ya pili, ndipo mhunzi akakipokea na kufua jembe. Yeye mwenyewe hakuifanya kazi hiyo, bali baba yake. Jembe la dukani lilipofika, moto ule ulizimwa.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari ni mwalimu, niliwapeleka wanafunzi wangu mahali pale. Tulikuta mibuni imepandwa kwa mistari, na mavi ya chuma yametapakaa katikati yake. Nilimwendea baba mdogo, ambaye shamba lilikuwa mikononi mwake. Nikamwamkia, akaitika, nikamwuliza habari za tanuri.

"Lile nililivunja mwaka juzi, mwanangu," alisema pasipo wasiwasi. "Udongo wake ulikuwa mzuri wa kukandika. Ungemtuma hata mtoto akaniambia kuwa mnalihitaji, ningelizunguka tu na jembe langu."

Sikuweza kumlaumu. Mimi ndiye niliyejua thamani ya kitu kile, na mimi ndiye niliyenyamaza. Lakini hata kama nisingenyamaza, ningemwambia nani mwingine? Katika kijiji chetu hapakuwa na mtu wala kamati iliyopewa kazi ya kupokea maneno kama hayo. Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za namna watu wa mahali pengine walivyounda mabaraza ya kuhifadhi majengo na mahali pa historia.

Tuanze na sheria yetu wenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ilitungwa mwaka 1964 na kurekebishwa mwaka 1979. Jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 hulindwa na sheria hiyo moja kwa moja. Milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940 nayo ina ulinzi wake. Kilicho kipya kuliko hapo, hapana budi Waziri akitangaze katika Gazeti la Serikali. Ukiwa Kilwa au Bagamoyo, mwaka 1863 unaacha mengi ndani ya ulinzi. Sasa njoo Tunduma uhesabu. Mpaka wenyewe ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, na tume yao ikaupima katika nchi hii kati ya Ziwa Nyasa na Tanganyika mwaka 1898. Mnamo Novemba 1918 jeshi la von Lettow-Vorbeck lilipita hapa likaelekea Fife, upande wa pili, majuma machache kabla ya kuweka silaha chini kule Abercorn. Bomba la mafuta la kwenda Ndola lilianza kazi mwaka 1968. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Mkoa wenyewe wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016. Kila kilichoufanya mji wetu kuwa mji kimekuja baada ya 1863! Hata tanuri la baba yake babu yumkini lilikuwa changa mno kwa kipimo hicho.

Kitu chetu kimoja kimepona, nacho hakikujengwa na binadamu. Kimondo cha Mbozi, pale Ndolezi, kilijulikana kwa wenyeji tangu zamani, ila wageni walikitia katika maandishi mnamo mwaka 1930, na maelezo ya kitaalamu yakachapishwa mwaka uliofuata. Ni chuma kitupu, tuseme sehemu tisa katika kumi, na kinachobaki zaidi ni nikeli. Urefu wake ni kama mita 3. Udongo uliokizunguka uliondolewa, ukaachwa nguzo chini yake, na nguzo hiyo ikatiwa saruji. Ukikitazama vizuri upande wa ncha utaona makovu ya watu waliokata vipande wakavichukua kama kumbukumbu. Makovu hayo ni ya siku ambazo hapakuwa na mlinzi. Baadaye kikawekwa chini ya ulinzi wa serikali, na katika miaka ya karibuni usimamizi wake umekabidhiwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Nimekizunguka mara nyingi nikiwaza kwamba wazee wetu walikuwa wakihangaika kuchimba mawe na kuchoma makaa ili wapate chuma, na rundo lile la chuma limelala katika nchi ileile.

Hata hivyo Kimondo hakina mwenye nyumba anayetaka kuongeza ghorofa. Nyumba ya mtu ni jambo jingine, na kwa hilo mfano ulio karibu nasi kwa lugha na desturi ni Lamu.

Mji wa kale wa Lamu ulitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1986, baada ya wataalamu kuupima nyumba kwa nyumba na kuandaa mpango wa uhifadhi. Mwaka huohuo ofisi ya uhifadhi ikafunguliwa mjini. Mwaka 1987 afisa wa uhifadhi akapelekwa kukaa na halmashauri ya Lamu ili aishauri. Mwaka 1991 ikaundwa tume ya mipango, ya kusimamia eneo hilo na kushughulikia matatizo yanayozuka. Orodha na ramani zilitangulia, akafuata mtu wa kuulizwa kila siku, na baraza lenyewe likaja mwisho. Sisi tungeanza na mwenyekiti na posho za vikao. Unesco iliuingiza mji huo katika urithi wa dunia mwaka 2001, yaani miaka 10 baada ya tume kuanza kazi.

Kazi ya ofisi ya namna hiyo si kumkataza mtu kutengeneza nyumba yake. Nyumba za Lamu ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Mwenye nyumba akipiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, unyevu hufungiwa ndani na ukuta huoza pole pole huku nje unang'aa. Yeye hajui, na fundi wake kijana naye hajui. Anahitaji mtu wa kumwambia mapema, kabla hajanunua mifuko ya saruji.

Wamarekani walilianza jambo hili zamani kidogo. Mji wa Charleston ulitunga sheria yake ndogo mwaka 1931, ukatenga eneo la kihistoria na kuunda baraza la kupitia michoro ya ujenzi. New York ilichelewa. Ilingoja mpaka stesheni kubwa ya reli ya Pennsylvania ilipoanza kubomolewa mwaka 1963, ndipo ikapata tume yake mwaka 1965. Aghalabu watu hukumbuka baraza wakiwa wamesimama juu ya kifusi, kama nilivyosimama mimi kati ya mibuni.

Lakini nisimdanganye msomaji kwamba baraza linatosha. Zanzibar ilikuwa na mamlaka yake ya Mji Mkongwe tangu mwaka 1985, ikatungiwa sheria mwaka 1994, na mji ukaingia katika urithi wa dunia mwaka 2000. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ilianguka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Muhuri haubebi ukuta.

Jambo hilo lilitajwa katika mazungumzo yetu Tunduma, tulipokutana watu wachache, walimu wastaafu, mafundi na wafanyabiashara, kujadili kama tunaweza kuishauri halmashauri. Njia ya kisheria ipo: halmashauri inaweza kutunga sheria ndogo, wananchi wakapewa nafasi ya kutoa maoni, na Waziri akaziidhinisha. Tulikuwa tunaendelea vizuri mpaka mfanyabiashara mmoja, mama aliyerithi nyumba ya zamani karibu na barabara kuu, akanyanyua mkono.

"Mkishaiandika nyumba yangu kuwa ya historia," aliuliza, "paa likivuja nani atanunua bati?"

Tulitazamana. Kiwanja karibu na mpaka, penye msururu wa malori, kina bei ambayo historia haiwezi kushindana nayo. Tangu siku ile nimeandika mengi na kuyafuta. Yaliyobaki ni haya. Mwenye nyumba asikilizwe kabla jina la nyumba yake halijaingia katika orodha. Baraza libanwe na muda, tuseme siku 30, na likinyamaza, mwenye mali aendelee na kazi yake. Mjumbe mwenye maslahi katika kiwanja atoke nje ya kikao. Sababu za kukataa ziandikwe, asomewe mwombaji kwa Kiswahili anachokielewa. Na fundi wa udongo awe na kiti sawa na mwenye shahada. Kuhusu bati, sikupata jibu lililoniridhisha, isipokuwa kwamba nyumba ambayo baraza halina msaada wowote kwayo, wa kodi, wa fundi au wa vifaa, ni vigumu kumlazimisha mwenyewe aishike.

Kwa hiyo tumeanza na kilicho chini ya uwezo wetu, yaani orodha. Ni daftari la kawaida la kurasa mia. Mwezi uliopita nililipeleka kwa baba mdogo, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, nikamwomba anitajie matanuri mengine anayoyakumbuka. Alitaja matatu. Mawili yameanguka. La tatu liko shambani kwa jirani, ng'ambo ya kijito, nusu yake imesimama na mirija miwili bado imo matunduni.

Tulikwenda tukalipima kwa kamba. Jirani alisimama kando akitutazama, kisha akataka kujua tunaandika nini. Nikamsomea. Akasema jina la babu yake tumelikosea, nikalifuta na kuliandika upya kama alivyolitaja.