Kete, Ushanga na Mninga: Michezo ya Ubao katika Njia ya Unyanyembe

Kwa desturi, kitabu cha kumbukumbu ya hekalu huwa na historia ya jengo: nani alitoa kiwanja, nani alijitolea mawe na saruji, lini kengele ililia kwa mara ya kwanza. Mambo hayo yana kurasa zake. Hizi chache tumeziweka kwa ajili ya kitu kidogo kiwezacho kubebwa kwapani, nacho ni ubao wa mchezo. Tumekichagua kwa sababu hapa Kanyenye waumini wa hekalu na majirani wa dini nyingine wanatumia soko moja na njia moja, na historia ya kukaa kwao pamoja haimo katika mawe peke yake. Imo pia katika vitu ambavyo watu waliviweka katikati yao walipoketi.

Mji wetu ni mtoto wa njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe baada ya safari ya miezi, na hapa njia iligawanyika: moja ikaenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipoingia tarehe 7 Novemba 1857, mahali walipopaita Kazeh, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga matembe yao. Wahindi nao walikuwa wametangulia. Musa Mzuri, Mkhoja kutoka Surat, alikuwa mmoja wa waliofungua biashara ya huku bara, na mwaka 1861 Speke na Grant walipokewa nyumbani kwake. Msafara uliofika hapa haukuondoka kesho yake. Ulingoja wapagazi, ulingoja mvua zipungue, ulingoja vita viishe njiani. Na mtu anayengoja hutafuta wa kucheza naye.

Mchezo uliokuwa tayari katika nchi hii ni bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaani safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Kila mchezaji ana safu 2 zilizo mbele yake. Huanza kwa kuweka kete 6 katika shimo liitwalo nyumba na kete 2 katika kila moja ya mashimo mawili ya jirani, kisha 22 zilizobaki huziingiza moja moja. Wasukuma, ndugu wa Wanyamwezi, wana isolo, nayo vilevile ni mchezo wa safu 4. Bao halina dadu. Hakuna mtu anayeweza kulaumu bahati, kwa maana kila kete iko wazi mbele ya macho ya wote. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt, aliyewachunguza mabingwa wa Unguja katika miaka ya 1990, alivutiwa hasa na uwezo wao wa kuona mbele, kete zikizunguka ubao kichwani kabla mkono haujazigusa.

Ubao mzuri wa bao hujulikana kwa mkono kabla ya kujulikana kwa jicho. Shimo likiwa na kingo kali huumiza vidole. Likiwa na kina kidogo, kete huruka nje. Shimo la nyumba huchongwa la mraba ili lisichanganywe na mengine, na mafundi wa pwani hupamba ncha za ubao kwa nakshi zinazofanana na zile za milango. Kwetu miti ya miombo inatupa mninga, ambao mbao zake hazipindi kwa urahisi zikikauka, na rangi yake ya kahawia yenye wekundu huzidi kung'aa kadiri mikono inavyoupapasa. Kete zenyewe kwa kawaida ni komwe, mbegu ngumu za kijivu zinazotoa mlio mtulivu zikidondoka shimoni.

Wahindi wa Gujarat, Kutch na Kathiawar, nchi zilizotoa wengi wa wazee wetu, walikuwa na mchezo wao nyumbani: chopat, uitwao pachisi katika sehemu nyingine za India. Ubao wake ni kitambaa chenye umbo la msalaba. Kila mkono wa msalaba una safu 3 za vyumba 8, hivyo mikono minne ina vyumba 96, na katikati kuna mraba mmoja wa kufikia. Hucheza watu wanne, wawili wawili, mwenzi akiketi mkabala na mwenziwe. Kila mmoja ana vipande 4 vya mti vilivyokerezwa na kupakwa rangi yake. Badala ya dadu hurushwa kauri. Zikiwa kauri 6 na zote zikaanguka kifudifudi, mrushaji hupata 25, na kwa Kihindi idadi hiyo ni pachis, ndipo jina la mchezo lilipotoka. Kipande hutoka katikati, huzunguka mikono yote minne, kisha hurudi nyumbani. Kitambaa hakihitaji meza. Hukunjwa, hutiwa mfukoni pamoja na kauri zake, na safari huendelea.

Hapa ndipo michezo hii miwili inapokutana, na inakutana katika neno. Kete, katika Kiswahili cha zamani, ni kauri ndogo. Mchezaji wa bao anayeita komwe yake kete anatamka jina la gamba la bahari, hata kama amezaliwa Tabora na hajaiona bahari. Neno kauri lenyewe limetoka India. Gamba hilo hilo lilipanda njia yetu kama fedha, likapita Unyanyembe kwenda kaskazini, na hadi leo Waganda wanaziita fedha zao ensimbi, yaani simbi, jina jingine la kauri. Kitu kimoja kilikuwa sarafu sokoni, bahati katika chopat, na jina la mpiganaji katika bao.

Ushanga nao una habari yake. Katika misafara ushanga ulikuwa mali ya kununulia chakula na kulipia ushuru, na kila nchi ilikuwa na rangi iliyoipenda. Mwekundu uitwao samesame ulipendwa kiasi kwamba Burton aliandika jina lake la utani, kivunja-mji. Sehemu kubwa ya ushanga huo ilitengenezwa Venice, ikaletwa Unguja na kupelekwa bara. Shanga za kioo za Venice ziliwafikia pia mafundi wa Kathiawar, na wajuzi wa kazi hizo wanaihusisha safari ya shanga hizo na wafanyabiashara wa Kigujarati waliokuwa Afrika Mashariki. Wanawake wa Kathiawar walizitunga kuwa mapambo ya milango, mito ya kuwekea mtungi kichwani, na vitambaa vya chopat ambavyo kila chumba kimejazwa shanga nyeupe, nyekundu, buluu na kijani. Baadhi ya vitambaa hivyo vimehifadhiwa katika makumbusho leo, na anayevitazama huona kazi ya miezi mingi ya vidole vyenye subira.

Kama tungeishia hapo, tungekuwa tumeandika sifa, na historia haijakamilika. Kauri na ushanga havikununua mtama na asali tu. Vilinunua pembe za ndovu, na pamoja na pembe vilinunua watu. Waliopita Unyanyembe wakiwa wamefungwa minyororo walipita katika njia ile ile iliyoleta vitu hivi vizuri. Wahindi hawakuwa mbali na jambo hilo. Nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch, mfuasi wa Vishnu kama wengi wetu, ilikodi forodha ya Unguja kwa miaka mingi na kukopesha mitaji ya misafara. Mwaka 1860 balozi Rigby wa Uingereza aliwalazimisha Wahindi wa Unguja waliohesabiwa kuwa raia wa Uingereza kuwaacha huru watumwa waliokuwa wakiwamiliki. Tunayaandika haya katika kitabu cha sherehe kwa sababu majirani zetu wanayajua, na ujirani wa watu wanaofichana mambo haudumu.

Tena maandiko yetu wenyewe yalikwisha kutuonya, na yalituonya kwa mfano wa mchezo. Katika Mahabharata, mfalme Yudhishthira anaitwa kucheza dadu katika ukumbi uliopambwa, na Shakuni anamchezea kwa hila. Yudhishthira anaweka mali, anapoteza. Anaweka ufalme, anapoteza. Kisha anawaweka ndugu zake, anajiweka mwenyewe, na mwisho anamweka mkewe, Draupadi. Draupadi anauliza swali ambalo wazee wote ukumbini wanashindwa kulijibu vizuri: mtu aliyekwisha kujipoteza mwenyewe ana haki gani ya kumweka mwingine dau? Swali hilo halihusu dadu peke yake. Laweza kuulizwa katika kila ukumbi ambamo binadamu anahesabiwa pamoja na vitu, na liliweza kuulizwa katika matembe ya Kazeh.

Hata hivyo dini yetu haikuutupa mchezo. Katika mapango ya Ellora, Shiva na Parvati wamechongwa mwambani wakicheza dadu, mume na mke, na watumishi wao wakitazama. Na wacha Mungu wa zamani walibuni ubao uitwao gyan chaupar, ubao wa maarifa, uliochorwa kwa rangi juu ya kitambaa au karatasi. Katika ubao wa wafuasi wa Vishnu vyumba mara nyingi vilikuwa 72, na kila kimoja kiliandikwa jina la tendo au hali ya nafsi. Ngazi zilimpandisha mtu kutoka katika wema, nyoka walimshusha kutoka katika maovu, na juu kabisa palikuwa makao ya Vishnu. Wajaini walikuwa na ubao wao wa vyumba 84, na Waislamu wa njia ya Kisufi nao walikuwa na wao. Mwishoni mwa karne ya 19 mchezo huo ulifika Uingereza, majina ya matendo yakapungua na kufutika, ukabaki mchezo wa watoto wa nyoka na ngazi. Lakini wazo lake la kwanza lilikuwa zito: dau ni tabia yako mwenyewe, wala hakuna jirani anayepoteza kitu ukishinda.

Bao na chopat zina hekima inayokaribiana na hiyo. Katika sataranji kipande kikiliwa huondolewa ubaoni. Katika chopat kipande kilichopigwa hurudishwa mwanzo, kikaanza safari upya. Katika bao kete iliyoliwa hupandwa upande wa aliyeila, ikaendelea kuzunguka, na huenda ikarudi kwa mwenyewe kabla jua halijatua. Kete 64 zilizoanza ndizo 64 zinazomaliza. Hata lugha ya bao ni lugha ya njia yetu: nyumba ikichezwa wasema inasafiri, na zamu ikikoma wasema mchezaji amelala. Mtu wa msafara angeielewa bila kufundishwa.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, msafara wa miguu ulipoteza kazi yake, na bidhaa zikaanza kushuka kwa mabehewa. Chopat ilirudi pia, lakini kwa mlango mwingine. Waingereza walikuwa wameigeuza kuwa ludo na kuisajili mwaka 1896, wakiwa wameondoa kauri na kuweka dadu moja. Leo mtoto wa Kanyenye anayecheza ludo kwenye karatasi ya rangi nne anacheza mchezo wa Gujarat uliozunguka dunia, wala Mhindi na Mnyamwezi hawaambiani. Vijana wa vijiweni nao hucheza drafti kwa vizibo vya soda, na hakuna anayewadharau kwa sababu ya vizibo. Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa Tabora na baadaye kufundisha hapa, alipenda bao, na mchezo huo ulimkalisha pamoja na watu wasio na cheo chochote.

Yaliyobaki yanatuhusu sisi tulio hai. Mabao mazuri ya mninga sasa huchongwa mara nyingi kwa ajili ya wageni, ambao huyatundika ukutani au kuyafanya bakuli la karanga. Vitambaa vya chopat vilivyobaki katika familia vimefungiwa sandukuni kwa hofu ya kuchafuka. Tunaielewa hofu hiyo, kwa kuwa ushanga ukikatika uzi, mkono wa kuutunga upya ni vigumu kuupata. Lakini ubao usiochezwa hupoteza kanuni zake kabla ya kupoteza rangi. Bibi anayejua kusoma kauri sita zilizoanguka akiondoka, kitambaa hubaki kama barua katika lugha isiyosomwa na yeyote nyumbani.

Kwa hiyo tunawaomba waumini na majirani jambo moja. Wakati wa Diwali, ambapo desturi ya kucheza michezo imo katika nyumba nyingi za Kihindu, tandikeni chopat barazani, na pembeni yake pawepo bao. Wazee wa mtaa wanaojua bao waalikwe wafundishe, na mama zetu wanaojua chopat wafundishe pia. Pesa zisiwekwe, hata shilingi moja, kwa sababu tumekwisha kuona katika maandiko na katika historia ya mji huu mchezo unakompeleka mtu anayeweka dau kisicho chake. Atakayeshinda ashangiliwe, atakayeshindwa apewe chai kwanza. Na zikiisha sherehe, kitambaa kipanguswe vumbi na kukunjwa, kete zihesabiwe hadi 64, na vitunzwe mahali ambapo watoto wanaweza kuvifikia.