Fungu la Wadogo: Historia ya Ruzuku za Utafiti kwa Biashara Ndogo Nchini Marekani

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, fedha ambazo serikali ya Marekani ilizitoa kwa ajili ya utafiti zilifuata hasa mikondo miwili: mmoja ulielekea vyuo vikuu, na mwingine ulielekea kampuni kubwa, hasa zile zilizoiuzia Wizara ya Ulinzi ndege, makombora na vyombo vya mawasiliano. Mikondo hiyo ilichimbwa wakati wa vita, na mwaka 1945 ikapata hoja ya kuitetea wakati wa amani, pale Vannevar Bush, mhandisi aliyeongoza utafiti wa kivita wa nchi hiyo, alipomshauri rais katika ripoti yake kwamba taifa liendelee kugharimia sayansi. Shirika la Taifa la Sayansi, linalojulikana kwa kifupi chake cha NSF, liliundwa miaka mitano baadaye. Katika mpangilio huo, karakana yenye mafundi kumi na wazo jipya haikuwa na mlango wa kubisha, kwa kuwa haikuwa chuo, na masharti ya zabuni za serikali yalidai wahasibu, wanasheria na akiba ya fedha ambayo wenye karakana hawakuwa nayo.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1977, ndani ya NSF yenyewe. Roland Tibbetts, ofisa aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ndogo kabla ya kuingia serikalini, alibuni mpango wa majaribio wa kuzigharimia kampuni za aina hiyo, huku Seneta Edward Kennedy akilisukuma shirika hilo kutoka upande wa Bunge. Tibbetts alielewa kwamba wazo la kiufundi likiwa bado changa, mabenki hayalikopeshi kwa kuwa halina dhamana, na wawekezaji binafsi hulikwepa kwa kuwa hakuna ajuaye kama litafanya kazi. Alielewa pia kwamba serikali ikimwaga fedha nyingi kwa mkupuo mmoja itapata hasara kubwa, kwa sababu mengi ya mawazo hayo hufa. Jibu lake lilikuwa kuigawa safari ya uvumbuzi katika awamu tatu. Katika awamu ya kwanza, kampuni hupewa kiasi kidogo cha fedha na miezi michache, kwa kawaida sita, ili ithibitishe kwamba wazo lake linawezekana. Ikifaulu, inaweza kuomba fedha za awamu ya pili, zilizo nyingi zaidi na za miaka ipatayo miwili, kwa ajili ya kuunda na kupima mfano wa awali wa bidhaa. Awamu ya tatu, yaani kuiingiza bidhaa sokoni, haina fedha za mpango huo hata kidogo: kampuni hutakiwa kutafuta wawekezaji, wanunuzi au mkataba wa kawaida wa serikali.

Majaribio hayo yangeweza kubaki shughuli ya ofisi moja, lakini hali ya nyakati iliyabeba. Mfumuko wa bei ulikuwa umeuchosha uchumi wa Marekani, na viwanda vya Japani vilikuwa vikiinyang'anya masoko ya magari na vifaa vya elektroniki. Mwaka 1979 mtafiti David Birch alichapisha utafiti uliodai kwamba sehemu kubwa ya ajira mpya ilitoka katika kampuni ndogo, dai ambalo wachumi walilibishia kwa miaka mingi lakini ambalo wanasiasa walilipokea kwa mikono miwili. Mwishoni mwa mwaka 1980 ilipitishwa Sheria ya Bayh-Dole, iliyoruhusu kampuni ndogo na vyuo vikuu kubaki na hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, hata kama utafiti wenyewe ulilipiwa na serikali. Hatimaye, tarehe 22 Julai 1982, Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyopigiwa debe na Seneta Warren Rudman wa New Hampshire, ambayo ilizaa Mpango wa Utafiti wa Ubunifu wa Biashara Ndogo, maarufu kama SBIR.

Nguvu ya sheria hiyo ilikuwa katika hesabu yake. Haikuanzisha mfuko mpya wala haikuomba senti ya ziada kutoka hazina. Iliziagiza idara zote zenye bajeti ya zaidi ya dola milioni 100 kwa utafiti unaofanywa nje ya serikali zitenge fungu kwa ajili ya kampuni zenye wafanyakazi wasiozidi 500. Fungu hilo lilianza na asilimia 0.2 na kupanda hatua kwa hatua hadi asilimia 1.25. Vyuo vikuu vilipinga, vikihoji kwamba fungu hilo lingekatwa kutoka katika utafiti wa msingi, yaani ule unaotafuta maarifa bila kulenga bidhaa, na hoja yao haikuwa ya bure, kwa kuwa bajeti ilikuwa ile ile.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi fungu hilo lilivyofanya kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, maprofesa wawili wa Chuo Kikuu cha Washington, David Engel na Roy Martin, waliungana na mjasiriamali David Giuliani kutengeneza mswaki wa umeme ambao nywele zake zingetikisika kwa kasi kubwa kiasi cha kusukuma maji mpaka mahali ambapo nywele zenyewe hazifiki. Ruzuku ya SBIR kutoka Taasisi za Taifa za Afya iliwasaidia kuupima na kuuboresha mfano wao. Mswaki huo, Sonicare, ambao hupiga mapigo yapatayo 31,000 kwa dakika, ulianza kuuzwa mwaka 1992 kupitia kwa madaktari wa meno, na mwaka 2000 kampuni iliyouunda ikanunuliwa na Philips. Qualcomm, iliyokuja kutamalaki teknolojia ya simu za mkononi, na iRobot, iliyounda roboti za kijeshi kabla ya kuuza mashine ya kufagia nyumba, nazo zilipata fedha za mpango huo zikiwa bado changa.

Mwaka 1992 Bunge liliuongeza muda mpango huo, likaamua fungu lipande hadi asilimia 2.5, na likaanzisha mpango pacha, STTR, unaoitaka kampuni ndogo ishirikiane na chuo au taasisi ya utafiti. Kwa njia hiyo, vyuo vilivyopinga mwaka 1982 vilipata sehemu yao ndani ya fungu la wadogo. Ugomvi uliofuata ulihusu swali la nani hasa ni mdogo. Kuanzia mwaka 2003 serikali ilishikilia kwamba kampuni ambayo sehemu kubwa ya hisa zake inamilikiwa na mashirika ya mitaji ya ubia, yaani yale yanayonunua hisa katika kampuni changa yakitarajia faida kubwa baadaye, haikustahili ruzuku. Kampuni za dawa na bioteknolojia, ambazo haziwezi kufika mbali bila mitaji hiyo, zililalamika kwamba zimefungiwa nje. Nyingine zilijibu kwamba aliyekwisha kupata tajiri hana haja ya kushika foleni ya serikali. Mvutano huo uliukwamisha mpango kati ya mwaka 2008 na 2011, ukawa unaishi kwa nyongeza za muda mfupi mfupi, hadi sheria iliyotiwa saini tarehe 31 Desemba 2011 ilipoziruhusu idara kuzipa kampuni hizo sehemu tu ya fedha, na kuamua fungu lipande hadi asilimia 3.2.

Wachumi nao wamebaki na hukumu zilizogawanyika. Mwaka 1999 Josh Lerner alionyesha kwamba kampuni zilizopewa ruzuku zilikua haraka kuliko zinazofanana nazo, lakini hasa katika maeneo ambayo tayari yalikuwa na mitaji ya ubia. Mwaka uliofuata Scott Wallsten alidai kwamba kwa kila dola ya ruzuku, kampuni ilipunguza dola moja ya matumizi yake yenyewe katika utafiti. Sabrina Howell, aliyechunguza ruzuku za Wizara ya Nishati, alionyesha mwaka 2017 kwamba ruzuku ndogo ya awamu ya kwanza iliongeza takribani maradufu uwezekano wa kampuni kupata wawekezaji, ilhali ile kubwa ya awamu ya pili haikuleta tofauti kama hiyo. Tena kuna kampuni zilizozoea kushinda ruzuku moja baada ya nyingine bila kuuza bidhaa yoyote, zikaugeuza utafiti wenyewe kuwa biashara. Nyingine zilikwama katika kile ambacho wataalamu hukiita bonde la mauti, yaani kipindi ambacho bidhaa imeshathibitishwa maabara lakini haijapata mnunuzi, na hicho ndicho hasa kipindi cha awamu ya tatu, iliyoachwa bila fedha.

Pamoja na kasoro hizo, Japani, Korea Kusini, Uingereza na India zimeunda mipango iliyochota kutoka kwa SBIR. Nchini Marekani kwenyewe mpango umekuwa ukiishi kwa sheria zenye ukomo, ile ya mwaka 2022 ikiupa muda hadi tarehe 30 Septemba 2025, na kila ukomo ulipokaribia, mabishano yale yale yalifufuka. Sababu iko katika hesabu ya mwaka 1982: fungu lisiloomba fedha mpya lilipita Bungeni kwa urahisi, lakini kwa kuwa kila senti ya mdogo ilikatwa kutoka katika sahani ya mwingine, wenye sahani hawakuacha kuidai.