BWANA SAKARANI NA MKWAWA



Shuleni tulifundishwa ushujaa wa Mkwawa, lakini afisa aliyemwinda tulimpita haraka. Naona inafaa tumjue, maana ushujaa wa mtu hupimwa kwa nguvu za adui wake.

Tom Prince alizaliwa Mauritius mwaka 1866, baba yake Mwingereza na mama yake Mjerumani. Aliingia jeshi la Ujerumani, kisha akaja kwetu. Kwingineko maafisa wa namna yake walipigana juu ya farasi. Hapa mbung'o waliwaua farasi, kwa hiyo vita vya bara vilikwenda kwa miguu. Watu walimwita Bwana Sakarani, yaani mlevi. Ulevi wake ulikuwa wa vita.

Januari 1893 aliivamia ngome ya Mtemi Isike huko Tabora. Isike aliona heri kuwasha baruti yake kuliko kutekwa.

Uhehe palikuwa pagumu zaidi. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe walikuwa wamemwua Luteni Zelewski na kulivunja jeshi lake. Oktoba 1894 Wajerumani waliiteka Kalenga, Prince akiwamo. Mkwawa aliponyoka, akapigana msituni karibu miaka minne. Mwaka 1896 Prince alijenga kituo Iringa na kumtawaza Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Mwaka uliofuata akaamuru Mpangile huyo huyo auawe. Hayo ndiyo malipo ya kibaraka.

Mkwawa alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asishikwe. Kichwa chake kilikatwa, kikapelekwa kwa Prince. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza fuvu lirudishwe, lakini Kalenga ililipokea tarehe 19 Juni 1954. Prince mwenyewe alikwenda kulima Usambara, akauawa vitani Tanga, Novemba 1914.

Ndugu zangu, askari wengi wa jeshi hilo walikuwa Waafrika: Wasudani, watu wa Msumbiji na wenyeji wa nchi hii. Bila wao Wazungu wale wachache wasingefika Kalenga.

Sisi wa Mbagala tukivuka jiji hadi Barabara ya Bagamoyo, tunakuta kambi ya jeshi letu iitwayo Lugalo. Jina hilo lilichaguliwa kwa makusudi. Vijana mnaojiandaa na mtihani, msikariri tarehe tu. Jiulizeni bunduki ilibebwa na nani, na kwa faida ya nani.